Mpaka wa Mkoroshoni

Harufu ya iliki ndani ya unga ulioumuka hunirudisha Junju kila mara, hata nikiwa kwenye foleni ya mkate huku mjini. Watu wa pwani wenzangu wakiisikia hukumbuka mahamri ya mama zao. Mimi, mnisamehe, humkumbuka mwanamke mmoja wa Ufini aliyevaa kofia ya ukili, akipepea makaa juu ya mfuniko wa sufuria huku machozi ya moshi yakimtiririka.

Tulimwita Mama Lisa. Yeye na mumewe, Bwana Mati, walikuja kuhudumu katika kanisa dogo la kijijini kwetu miaka ya themanini, siku zile za kuvuka kwenda Kilifi kwa feri. Bwana Mati alihubiri na kutengeneza baiskeli za watu, na sina hakika ni kazi ipi iliyompendeza zaidi. Mama Lisa alifundisha kina mama kushona, akapiga kodiani ibadani, na kila Jumamosi akaoka mikate midogo ya kusokota yenye iliki tele, akaigawa nyumba kwa nyumba. Nyanya yangu, ambaye kwa lugha yetu ya nyumbani tulimwita Hawe, alipoionja mara ya kwanza alitafuna polepole, kisha akasema, "Hii ni hamri iliyokosa mafuta. Lakini ni vidzo, nzuri tu, itashuka na chai."

Hapo urafiki ukaanza, na shida ya kusindikizana nayo ikaanza.

Kwetu mgeni haachwi aondoke peke yake. Unatoka naye, mnapiga soga njiani, mkifika mahali fulani mnaagana na kila mtu anashika njia yake. Mahali hapo hakuna anayefundishwa ni wapi. Miguu inajua yenyewe. Sasa Mama Lisa na Bwana Mati walikuwa wameambiwa na mwalimu wao wa Kiswahili kwamba mgeni ni lazima asindikizwe. Pa kukomea hawakuambiwa. Basi siku Hawe alipowatembelea, walitoka naye, wakaupita mkorosho ulio nusu ya njia, wakalipita shamba letu la muhogo, wakamfikisha mlangoni kabisa. Hawe angefanya nini? Mtu akishafika mlangoni pako ni mgeni wako. Akawatolea vigoda, akawapa madafu. Walipoaga akawasindikiza, na kwa kuogopa wageni wamshinde adabu, akawafikisha hadi kwao. Wakampa chai. Kisha wakainuka kumsindikiza.

Nilikuwa na miaka minane, nikiwafuata nyuma kwa sababu ya mkate. Kufikia safari ya tatu Bwana Mati alikuwa mwekundu kama pilipili, Hawe anachechemea, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha. Mwishowe Hawe alisimama mkoroshoni akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Wanangu, tutakufa," alisema. "Mpaka wetu ni hapa. Mimi nawafikisha hapa, nanyi mnifikishe hapa. Basi!"

Tulicheka hadi mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

Lakini mkorosho huo ulikuwa mbele ya mlango wa kanisa, hatua kumi hivi. Kila Jumapili asubuhi Mama Lisa na mumewe walipita kwetu kumwamkia Hawe na kunichukua. Hawe alivaa hando lake, sketi nyeupe ya marinda, akatusindikiza, akafika mkoroshoni, akasema, "Haya, nimewafikisha," akageuka zake. Alikuwa na njia zake za kumwomba Mungu, alizozirithi kwa wazee wake, na hakuona haja ya benchi. Nami nilikuwa na haja kubwa, maana mtoto aliyemleta mtu mzima kanisani alipewa kadi ya picha, na kadi niliyoitamani ilikuwa na nyumba nyekundu iliyofunikwa na theluji. Nilimbembeleza Hawe mpaka nikachoka. "Waambie wakupe," alisema. "Si nafika kila wiki?"

Mwaka wa nne Mama Lisa akatuletea habari kwamba muda wao umekwisha. Alikaa kigodani, akamshika Hawe mkono.

"Mama, nina ombi moja tu. Kabla sijaondoka, uje ndani unisikie nikipiga."

"Nakusikia vizuri kutoka mkoroshoni, mwanangu," alijibu Hawe, na macho akayatupa shambani.

Mama Lisa aliuachia mkono wake taratibu. Nikamkasirikia Hawe kwa moyo wangu wote. Nilidhani hampendi, na kwamba rafiki yake angerudi kwao akiamini hivyo.

Jumapili ya mwisho ikafika. Hawe akatusindikiza kama kawaida, akasimama kwenye mpaka wake. "Haya, nimewafikisha." Akageuka. Mimi nilianza kulia pale pale, kwa hasira. Ndani watu walikuwa wamejaa, wakimngoja mpigaji. Mama Lisa alimtazama mumewe, akakaza mikanda ya kodiani begani, akamfuata Hawe. Nami nikakimbia nyuma yao.

Hawe alitembea bila kutazama nyuma hadi mlangoni petu. Hawe alipogeuka, akakuta amefuatwa.

"Wewe! Umesahau mpaka wetu?"

"Sijasahau, Mama," alisema Mama Lisa. "Hodi."

Hawe aliitazama ile kodiani begani, kisha akacheka, akacheka hadi akashika mwimo wa mlango. Akampa maji kwa kata, maana mgeni ni mgeni. Halafu akajifunga upya leso yake. Mgeni akishakunywa, husindikizwa.

Safari hii mkoroshoni hakusimama. Alipita, akaingia kanisani mbele ya macho ya watu wote, akampeleka Mama Lisa hadi kitini pake, akamkalisha kama bibi harusi. "Sasa nimekufikisha," alisema, akakaa benchi la mbele, akasikiliza hadi wimbo ulipokwisha. Kisha akainuka, akaenda zake nyumbani. Hakuingia tena maisha yake yote.

Kadi yangu niliipata. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile kanisa lilimshinda Hawe, nami nikajivunia kama mshindi. Hata nilipokuwa msichana mkubwa nilimchokoza: mbona aliingia mara ile moja tu? Aliichukua kadi ile kuukuu, akaweka kidole juu ya nyumba nyekundu.

"Kwao Mama Lisa si ndiko huku? Huku miguu yangu haifiki," alisema. "Basi nikamfikisha nilipoweza."