Panya Aliyekula Pistoni

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni fundi wa injini. Mtaa mzima unamwita Msasa kwa kupenda kwake kung'arisha vyuma. Mashine yangu ya kusaga ilipogoma, aliifungua injini yake akaikuta imevaa kutu na grisi nene, nzi akitua anaacha viatu.

"Mama, niachie mimi. Nitakurudishia ikiwa kama mwali," akajigamba.

Vyuma vizito huviloweka kwenye pipa la kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Grisi ikishatoka, kutu huimalizia kwa brashi ya waya. Lakini siku hiyo, kwa haraka ya kunifurahisha, alitumbukiza na pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda, nayo ni ya alumini. Kostiki haina ugomvi na chuma, ila alumini huitafuna.

Asubuhi yake silinda ilitoka safi. Pistoni ilitoka kama mkate uliogugunwa. Msasa akaificha nyuma ya mgongo, hawezi hata kunitazama usoni.

Wanawake walikuwa wameshafika na ndoo zao za mahindi. Nikamwonea huruma, nikawaambia, "Rudini nyumbani, wanangu. Pistoni imeliwa na panya mkubwa kama mbuzi, tena kaja na spana yake mwenyewe!"

Wakacheka hadi ndoo zikawaanguka. Msasa hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaitoa ile pistoni mbele yao wote.

"Panya mwenyewe ni mimi," akasema. "Nisamehe, mama."

Mdomo wangu huu, siku hiyo ulikosa uongo wa kumfunika.