Bila Moto, Bila Panga

Kaka yangu Zacharie ni mtu wa kuota macho wazi. Umwambie sufuria inaungua, atakuitikia "ee" kwa upole, kisha abaki akitazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni mpaka maharage yageuke makaa. Hapa Butembo anajulikana kwa kutengeneza mashine za kusaga mihogo, na inajulikana pia kwamba ukimletea mashine yako usiwe na haraka. Mimi Eliane, dada yake, ninayekaa naye kiwanja kimoja, nimegombana naye mpaka nimechoka, na bado nampenda.

Msimu wa mvua ulipokuwa unaisha, alituletea nyumbani mashine ya kukata majani. Aliitoa kwenye shamba la parokia moja huko juu Lubero, ambako zamani mapadri walikuwa wakiwakatia ng'ombe wao chakula. Ni kitu cha kufungwa kwenye trakta: mkono mrefu wa chuma unaolala chini upande mmoja, wenye vidole vya chuma vilivyopangwa mstari, na ndani ya vidole hivyo upo wembe wa meno ya pembetatu unaokimbia huku na huku. Vidole vilikuwa vimepinda, meno yameliwa na kutu, na kabla ya jioni kuku wangu wawili walikwishaona ni mahali pazuri pa kutagia.

"Yaya," nilimwuliza, maana ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "na trakta yako iko wapi?"

"Itakuja," akasema, akacheka peke yake.

Nilitaka kumfokea, lakini sababu yake niliijua, nayo ilinifunga mdomo. Mke wake Anne-Marie, ambaye sisi wote tunamwita Mama Shalom, alimzika mtoto wao wa kwanza kijijini upande wa Kamango, nyuma ya nyumba yao, akapazungushia matofali. Shalom aliondoka kwa homa akiwa bado mdogo, wakati kule kulikuwa na amani. Baadaye vita vikafika, kijiji kikachomwa, wakakimbilia kwangu na nguo za mwilini tu. Miaka ikapita, majani yakafunika kila kitu, na Mama Shalom akaanza kuota ndoto ile ile. Anatembea ndani ya majani marefu, anamsikia mtoto akicheka mbele yake, anayafungua kwa mikono, nayo yanajifunga nyuma yake. Nilikuwa namkuta asubuhi amekaa kitandani, mikono yake bado inafungua hewa. Hakutaka kingine. Alitaka kujua tu mtoto wake amelala wapi.

Wanajeshi walipofungua barabara ya kule kwa saa za mchana, watu wakaanza kwenda kutazama viwanja vyao, na kila mtu alikuwa na shauri. Wengine walisema kiberiti kimoja kinatosha. Wengine wakasema tutafute vijana wenye mapanga. Mama Shalom aliwasikiliza wote, kisha akasema:

"Moto, hapana. Ile kijiji ilishaungua mara moja. Na panga, mi siko nataka kuiona pale. Panga ilishafanya kazi yake kule."

Kwetu hakuna anayehitaji kuelezwa maneno hayo. Siku hiyo hiyo Zacharie akaanza kuuliza habari za ile mashine ya mapadri.

Aliitengeneza polepole, kwa namna iliyonitia wazimu. Meno mapya aliyakata kutoka kwenye msumeno mzee wa mbao. Alinyoosha vidole kimoja kimoja, akivuta uzi kuona kama vimelingana. Kisha akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, na kila jino lilipofika mwisho wa safari yake akainama kutazama kama limesimama katikati ya kidole chake. Likipita kidogo, aliniambia, majani hayakatwi, yanatafunwa. Ncha ya mkono aliisogeza mbele kidogo, kwa sababu shambani majani yangeisukuma nyuma. Lakini kilichokula siku zake ni resori, springi kubwa inayobeba uzito wa mkono ule. Alitaka uwe mwepesi kiasi cha kuinuliwa na mwanamke bila kukunja uso. Mara ngapi aliniita niache vitunguu vyangu nikauinue!

Abdias, dereva wa trakta ya koperative moja ya Beni, alipopanda kuja kuiona alicheka mpaka akajifuta macho. Huyo hana neno lisilo na mzaha.

"Papa Zacharie, hii ni mashine ao ni kitanda ya mutoto? Legeza resori, ilale muzuri chini, iume udongo!"

"Hapana," kaka akajibu. "Hatuende kuuma udongo."

Tukateremka na lori hadi Beni, baridi yetu ikabaki nyuma, makoti yakavuliwa. Kando ya njia kakao ilikuwa imeanikwa, na harufu yake chachu ikatufuata muda mrefu. Zacharie alikaa juu ya mashine yake, macho yamefumba nusu, akitabasamu na upepo. Sijui alikuwa wapi. Beni tukaifunga kwenye trakta ya Abdias, tukaendelea nayo mpaka kijijini.

Majani yalikuwa yamepita kimo cha mtu. Mimi na Mama Shalom tulisimama barabarani, amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vyangu vikafa ganzi. Abdias akaendesha taratibu, Zacharie akitembea nyuma kidogo, macho yake kwenye mkono wa chuma. Majani hayakuanguka kwa fujo. Yalisimama kidogo kama hayajajua yamekatwa, kisha yakalala yote upande mmoja, mstari baada ya mstari, na mbingu ikashuka karibu nasi. Nilisahau hasira zangu zote. Kizingiti cha nyumba kikatokea. Mafiga ya jiko yakatokea. Kisha wakaingia nyuma ya nyumba, wakazunguka, wakazunguka tena, na hakuna kilichotokea.

"Ni hapa?" Zacharie akapaza sauti.

Mama Shalom alitazama huku na huku. Migomba yake haikuwepo, ukuta haukuwepo, kila mahali palifanana.

"Sijue," akasema. Akaanza kulia kwa hasira. "Sijue tena! Nimemupoteza mara ya pili."

Nilimwogopea sana saa ile, nikaiogopa hata safari ya kurudi naye.

Trakta ikapita mara nyingine. Ghafla Zacharie akainua mkono, na Abdias akasimama. Ncha ya mashine ilikuwa imepanda kidogo na kushuka, bila kishindo, kama baba anayemvuka mtoto aliyelala sakafuni ili afike mlangoni. Chini ya majani yaliyokatwa kulikuwa na matofali yaliyopangwa kwa mviringo, na hakuna hata moja lililosogea.

Mama Shalom aliniachia mkono. Hakukimbia. Alikwenda akalala chini juu ya majani mabichi, kando ya matofali, urefu wake wote, na Zacharie akakaa hapo akamwekea mgongoni mkono wake wenye grisi. Nililia na sikujificha.

Abdias akazima mashine. Aliposhuka kitini nilikuwa tayari kumpasulia mdomo kama angeleta mzaha wake. Akavua kofia.

"Papa Zacharie," akasema, akigonga tangi la mafuta la trakta, "mazutu ingali iko. Mama yangu tulimuzika pale, ngambo ya ile muti ya avoka. Tangu tukimbie, sijafika kwake."

Zacharie alimtazama, na safari hii alikuwa hapa hapa pamoja nasi. Akainuka.

"Leta funguo," akasema. "Mi ntaendesha. Wewe utembee nyuma, uangarie."