Siku Nilipomwandika Nyanya "Jirani"

Haya, chekeni mmalize kabisa, maana nikianza sitaki kukatizwa: ni kweli, ni mimi niliyemwoza babu yangu kwa dada yake mbele ya kanisa zima huko Nyansiongo, tena kwa maandishi makubwa ya manjano.

Mnajua kazi yangu ni kuchapisha kadi na mabango hapa Kisii mjini, kwa hiyo familia ilipopanga ibada ya shukrani kwa ndoa ya Babu na Nyanya, hakuna aliyeuliza nani atashughulikia picha. Baba akaniletea picha za zamani, nikaziskani zote, nikafungua kwenye brauza programu moja ya bure (huhitaji hata kuipakua) ambayo unachora kisanduku kuzunguka uso wa mtu na kumwandika jina. Raha tupu! Mama akasema, "Moraa, si umuulize Nyanya kwanza nani ni nani?" Nikamjibu, "Mama, tunataka kumshtukiza. Halafu nyuso za watu wetu mimi nazijua." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Babu, kijana kabisa, suruali pana kama pazia, ameshikana mkono na msichana mrembo. Nikamwandika huyo msichana: Nyanya, kipenzi cha Babu. Ile programu ikauliza kama iweke maneno hayo kwenye kila uso unaofanana na huo, nikabonyeza ndiyo bila kupepesa macho, ikajaza picha karibu zote, nikajipongeza kwa chai. Palikuwa na msichana mwingine mwembamba, amesimama peke yake na kikapu cha majani chai. Huyo nikamwita Jirani.

Siku ikafika, mapazia ya kanisa yakafungwa, projekta ikawaka, nami niko mbele na maikrofoni kama mhubiri mgeni. Picha ya kwanza ikatokea. Shangazi Bosibori, dada yake Babu, aliyetoka Nyaramba asubuhi hiyo, akainuka na mkongojo wake.

"Yaya!" akasema (hiyo ni hapana ya Kigusii, na akiitoa yeye haina rufaa). "Huyo ni mimi! Niliolewa lini na ndugu yangu?"

Vijana wakaangua kicheko, wazee wakainamisha vichwa (kwetu mambo ya kaka na dada hayafanyiwi mzaha), nami nikarukia laptopu niizime, lakini picha nilikuwa nimeziweka zijiendeshe zenyewe, na kwa haraka nikabonyeza kitu kilichozidisha mwendo. Shangazi kwenye kwaya: kipenzi cha Babu. Shangazi akikamua ng'ombe: kipenzi cha Babu. Mchungaji akajifunika uso kwa Biblia, mabega yakimtikisika.

Kisha akatokea yule mwembamba. Nyanya akanyoosha kidole.

"Na huyo jirani," akasema polepole, "ndiye mimi."

Kicheko kikakatika. Nilimwona anavyoitazama ile picha, macho yamelowa, nikatamani sakafu inimeze. Babu akaja, akanipokonya maikrofoni.

"Mjukuu wangu hajakosea sana," akasema. "Alikuwa jirani kweli, ng'ambo ya mto. Kila jioni nilivuka kwenda kwao kuomba moto, na kiberiti kiko mfukoni."

Nyanya akaziba mdomo kwa leso, akacheka hadi akafuta machozi. "Wewe mzee! Hukuwahi kuniambia!" Kisha akanigeukia: "Moraa, futa hiyo. Andika jina langu, Kerubo." Nikaandika mbele ya watu wote, wakinitajia herufi kama mtoto wa chekechea.

Basi nimeapa: siandiki tena jina kwenye uso wa mtu kabla ya kuketi na anayemjua. Jumapili iliyopita nilimpelekea Nyanya laptopu, turekebishe zilizobaki. Tulishinda kutwa nzima kwenye picha moja tu, maana kila jina ninaloandika lina habari yake, na kila habari yake, Babu anaipinga.