Wimbo wa Mama na Stensili ya Mwisho

Harufu ya wino wa mashine ya kurudufia ndiyo iliyoniamsha asubuhi nyingi za utoto wangu, hata kabla ya harufu ya maziwa yakichemka. Kwetu Masama, katika chumba cha nyuma ya nyumba, migomba ikigusa dirisha, Mama alichapa nyimbo. Kwaya za usharika wetu na za jirani zilimletea madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, do, re, mi, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine. Yeye alizipiga taipu juu ya stensili, ile karatasi laini yenye nta, kisha akaivisha mashine na kuzungusha mkono. Herufi ilipotoboa nta, wino ulipita. Duka la kuuza nyimbo hatukulijua. Duka lilikuwa Mama. Chini ya kila wimbo aliandika jina la mtunzi, na miaka yote hiyo jina lake halikuwahi kuwemo, ingawa alitunga akikama, akatunga tena akikata majani ya ng'ombe.

Msimu mmoja wa kuchuma kahawa, nikiwa na miaka tisa, Mwalimu Aminieli wa kwaya yetu alikuja kumwambia kwamba kwaya zote za mlimani zitaimba kwa pamoja wimbo aliotunga yeye Mama, Jumapili ya tamasha. Mama alijifanya hajali. Lakini Jumatano ile alikaanga maandazi, na kwetu maandazi yalikuwa ya Krismasi! Nilimpenda mno siku hiyo, akipita huku na huku akiimba besi kwa sauti yake nyembamba.

Sasa, kulikuwa na chupa ndogo ya dawa nyekundu ya kuzibia makosa. Ukikosea kwenye stensili unapaka, inakauka, unapiga upya. Ilikuwa nyekundu haswa, nami shetani gani aliniingia sijui, nikajipaka kucha zote ishirini. Za mikono nilizikwangua kwa wembe kabla hajaniona. Za miguu nilizificha ndani ya viatu vya raba, nikashinda nazo siku mbili nyumbani kama mgeni.

Ijumaa Mama alifika kwenye wimbo wake. Stensili ilibaki moja tu, na duka la mjini Moshi lilikuwa limeishiwa. Aliacha wimbo wake mwisho kwa adabu, kama anavyojipakulia chakula mwisho. Kwenye mstari wa besi mkono ukateleza, mapigo mawili yakaharibika. Akaifungua ile chupa, akaitikisa, akaichungulia. Tupu. Rangi ya kucha ingefaa, lakini ni mwanamke gani wa usharika wetu angekiri anayo? Mama akaifunga ile chupa, akasema, "Basi. Waimbe ule wa mwaka jana."

Mficha uchi hazai. Nilivua raba. Mama alivitazama vidole vyangu mpaka nikaanza kulia.

"Manka! Kumbe wimbo wangu umeuvaa miguuni!"

Nilidhani fimbo inakuja. Nikasema kwa kwikwi, "Mama, chapa hivyo hivyo. Nitasahihisha kwa kalamu, zote."

"Zote? Nakala mia mbili?"

"Zote."

Alichapa. Jumamosi tangu alfajiri nilikaa chini nikikata noti mbovu na kuandika nzuri juu yake, na kufikia nakala ya ishirini hivi Mama alikaa kando yangu na kalamu yake. Alinifundisha kila alama inasema nini, na kwa nini besi inapaswa kusubiri pale. "Kuteleza si kuanguka," alisema, ila sikio alinivuta pia, msidhani alikuwa malaika. Mwalimu Aminieli alipofika mchana, wino wa nakala ya mwisho ulikuwa bado mbichi. Kesho yake besi zote za mlimani zilisubiri pale zilipotakiwa kusubiri, na Mama, aliyesimama kati ya waimbaji wa sauti ya kwanza, alishindwa kuimba kwa machozi.

Leo nina kibanda Pasua, mjini Moshi, napanga nyimbo kwa kompyuta. Kosa nalifuta kwa kidole kimoja, raha iliyoje! Ila wimbo ukinitoka na kosa, unafika Mabogini kwa simu kabla sijafunga mlango, tena huko njiani watu huipiga karatasi picha, wakakata chini yake na jina la mtunzi likapotea. Mwezi uliopita vijana wa kwaya moja ya Mabogini walinitumia picha ya namna hiyo, ya wimbo ule ule wa besi inayosubiri: "Dada, huu ni wa nani? Tunauimba tu."

Nikawajibu ni wa mama yangu, yu hai, waje wamwamkie. Wakapanda mpaka Masama, vijana wanane, wakajaa barazani. "Shikamoo, Bibi." Wakamwomba awasikilize. Mama akasema waandike jina lake kwanza. Wakatoa simu, akawatajia polepole, wakaandika wote, kisha wakaimba. Walipomaliza, msichana mmoja akauliza kama Bibi anao mwingine. Mama akainuka kwa fimbo yake, akaingia ndani kuleta daftari.