Shujaa Aliyeambiwa Akae

Shujaa wa utoto wangu hakuwa na upanga wala farasi. Alikuwa mtu mfupi, mvivu kidogo, na miguu yake haikuwa na nguvu yoyote mpaka watu wamwimbie. Akiimbiwa anainuka, anarefuka kuupita mnazi, anayafagia kwa mkono mmoja madude yaliyokuja kuiba moto kwenye majiko ya watu. Wimbo ukikatika anaanguka palepale alipo, hata kama ni katikati ya mto. Humpati kwenye kitabu wala kwenye runinga. Alikuwa wa bibi yangu mzaa mama peke yake, naye alimtunga juu ya dungu, katika shamba la mpunga nje kidogo ya Kibaoni.

Nilipelekwa huko nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa na duka la vitenge Mpanda mjini, mama alikuwa amejifungua kwa shida, na nyumbani ikaonekana heri mtoto mmoja mwenye kelele apunguzwe. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Niliondoka nimenuna na nikafika nimenuna. Kwa bibi waliongea Kipimbwe, na mimi nilikuwa na Kiswahili cha dukani tu, kwa sababu mama hakuwahi kutufundisha lugha yake. Nilidhani kila wakicheka wananicheka mimi. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kujaa, kwelea kwelea wanakuja kwa makundi, na kundi moja likitua wakati nyie mnapiga soga, jua linazama mkiwa na makapi. Kwa hiyo asubuhi na mapema tulipanda dungu, kijukwaa cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, mimi na binamu yangu aliyenizidi miaka minne. Tulipiga madebe, tukarusha mabonge ya udongo, tukapayuka. Siku ya pili sauti yangu ilikauka, nikashuka, nikamwambia bibi kwamba mimi sikuzaliwa kugombana na ndege na nataka kurudi kwetu.

Hakunigombeza. Alinipa kiazi cha kuchemsha, akanihadithia habari za yule mtu mfupi, akanifundisha wimbo wa kumwinua. Ulikuwa mstari mmoja wa Kipimbwe unaorudiwa, mwepesi, unaokwenda na mapigo ya debe. Mchana, ndege wakienda kupumzika kivulini, yeye angepanda kutuhadithia shujaa kafika wapi. Ila kufika kwake kungetegemea tulivyoimba asubuhi.

"Mimi simwinui," alisema. "Mimi nawaletea habari zake tu. Anayeimba ndiye anamwinua."

Basi niliimba. Niliimba mpaka binamu yangu akaziba masikio. Kila kundi la ndege lilipopinda na kwenda shamba la watu wengine, nilijua kuna dude mahali fulani limekula kibano. Mchana bibi alipanda na chungu cha maji na habari zake. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Shujaa wetu, ambaye wimbo ulikuwa wa kumwinua, alifanya kila kazi akiwa amekaa. Siku moja alikaa juu ya mlango wa pango, madude yakakosa pa kutokea. Siku nyingine alilikalia dude kubwa kuliko yote mpaka likaomba radhi na kurudisha moto. Kuna siku alikaa tu barabarani, adui wakamzunguka, wakachoka, wakaenda zao. Nilimuuliza bibi kwa nini hasimami. Alisema kila shujaa na mtindo wake.

Ukweli niliupata siku ya mwisho ya mavuno. Tulikuwa tunakusanya madebe, mimi bado naimba kwa mazoea, na binamu yangu akashindwa kujizuia.

"Wewe Mswahili, msimu mzima unamwambia akae. Huo wimbo unasema inuka. Wewe unaimba kaa."

Yale maneno mawili ya Kipimbwe, kwa masikio yangu ya mjini, yalikuwa pacha. Watu wote wa mashamba jirani walikuwa wamenisikia miezi miwili nikimkalisha shujaa kwa sauti yangu yote. Nina hasira za karibu, ndivyo nilivyo, na siku hiyo niliondoka mbio na debe mkononi mpaka alipokuwa bibi akipepeta mpunga. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nalia kwa aibu.

"Ningekwambia, ungenyamaza," alisema. "Na ndege wanajua Kipimbwe?" Aliweka ungo chini akanifuta uso kwa khanga yake. "Shujaa kaambiwa akae, akakaa. Kazi si imefanyika, mke mwenzangu?"

Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyotania wajukuu wao wa kike, na mimi nikaondoka nimevimba. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa amefanya. Kila mchana alikuwa anapanda dungu akiwa ameupinda mkasa mzima, ili kosa la mtoto mgeni liwe ndilo lililoshinda vita.

Mwaka huu bibi alianguka uani kwake akavunjika nyonga. Hospitalini walimwekea chuma, kisha tukamleta kwangu hapa Mpanda. Mtaalamu wa mazoezi alitueleza bila kuzunguka: mtu wa umri ule akiendelea kulala, mapafu yanajaa, mgongo unatoboka vidonda, na hainuki tena. Akae kwanza. Akishakaa, kusimama kutafuata.

Bibi alikataa. Hakukataa kwa maneno. Aligeuza uso ukutani, akashika rozari yake, akawa kama hatusikii. Mtaalamu alimbembeleza, mjomba akamkaripia kwa heshima, mimi nikamkaripia bila heshima na nikajuta. Nilijua ni woga. Aliwahi kuniambia mara moja, nikimwosha, kwamba ule mfupa ulipovunjika aliusikia kwa masikio yake, na hataki kuusikia tena. Siku zilipita, kifua kikaanza kukoroma, nami nikaanza kumlilia jikoni akiwa bado mzima.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, tulikuwa wawili tu chumbani. Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na bakuli la uji alilolikataa. Sijui niseme ni nini kilichonituma. Nilianza kugonga bakuli kwa kijiko, yale mapigo ya debe, nikauimba ule wimbo. Niliuimba sawasawa, kwa neno la kweli, lile la kuinuka, ambalo binamu yangu alinifundisha baadaye na kunisahihisha mara mia. Bibi hakugeuka. Nikaurudia, hakugeuka.

Nikauimba kama nilivyouimba nikiwa na miaka tisa.

Mabega yalianza kutikisika. Nilidhani analia, nikasimama kumwangalia, kumbe anacheka, mdomo umezibwa kwa kona ya shuka.

"Mke mwenzangu," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "mpaka leo Kipimbwe hujui."

"Sijui, bibi."

"Unaniambia nikae."

"Ndiyo, bibi. Nakwambia ukae."

Aligeuka kutoka ukutani. Kisha akanipa mkono.

"Haya. Kukaa naweza. Imba."

Niliimba huku nimepitisha mkono mmoja chini ya mgongo wake, kama mtaalamu alivyonionyesha, na mwingine chini ya magoti. Alikunja uso, akaguna, akanifinya bega mpaka nikaumia. Miguu yake ilishuka ukingoni mwa kitanda, ikagusa sakafu ya saruji. Alikuwa amekaa. Alikuwa mdogo sana, nywele zake nyeupe zimelala upande mmoja, na anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima, lakini amekaa. Machozi yalinitoka, nikaacha kuimba ili niyafute.

Bibi akanikamata mkono kwa nguvu.

"Usikate," alisema. "Nitaanguka."