Diski Ambazo Sikuzipima

Sitamsamehe, na sioni aibu kusema hivyo.

Mwenzangu wa Mbale na mimi tulitahiriwa uwanja mmoja, asubuhi moja, na ngariba mmoja. Kwetu Bugisu, watu waliotahiriwa pamoja, watu wa imbalu moja, hawakaguani. Akikuletea kuku, humpapasi mbele yake kuona kama amenona. Baba zetu walikuwa askari, hivyo hadi leo sisi wawili tunaongea Kiswahili cha kambini.

Mimi nilitunza hifadhi ya studio moja ya video hapa Jinja: mashine tatu zilizojaa diski za kuzunguka, kila filamu ikiwa na nakala katika kila mashine. Tohara yetu ilikuwamo. Baba amesimama nyuma yangu, ananiambia nisipepese jicho. Kanda yenyewe ilishatupwa, baba alishazikwa, na sauti yake sikuwa nayo mahali pengine popote.

Mashine zikawa zinajikokota. Dawa yake ni SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Unaweka moja kwenye kila mashine, inashika orodha ya kila kitu kilipo kwenye zile za zamani. Orodha ikipotea, diski zote za mashine hiyo ni mabati tu. Mwenzangu, mwenye mashine kama hizo kule Mbale, alikuwa ananunua za kwake, akaninunulia na zangu. Nilizipokea Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwenye maboksi safi kabisa. Amri moja fupi ingenionyesha zimetumika muda gani. Sikuiandika. Ningempimaje yeye?

Wiki tatu mambo yalikuwa mteremko. Kisha SSD moja ikafa asubuhi. Nikaweka nyingine mahali pake, mashine mbili zilizobaki zikaanza kunakili kwa nguvu ili kufidia, na mzigo huo ukaiua SSD ya pili kabla ya chakula cha mchana. Ya tatu niliwahi kuiandikia ile amri kabla nayo haijakata roho na kuondoka na sauti ya baba. Ilikuwa na miaka mitano kazini. Alikuwa amenipa zake kuukuu, mpya zikabaki kwenye mashine zake, na mimi, mpumbavu, nilikuwa nimemshukuru mara mbili.

Nikampigia simu.

"Wewe ulijua hii diski iko zee?"

"Nilijua."

"Na sauti ya mzee iko ndani, ulijua?"

"Hiyo hapana. Pole sana."

"Sasa kwa nini mimi? Mbona hukupelekea watu wengine?"



"Watu wengine wangepima, ndugu yangu."