Fundi Pindo na Bei ya Picha

Mtaani walimwita Fundi Pindo, kwa sababu hakuna gauni lililotoka mikononi mwake likiburuzika chini. Kwa miaka ishirini na sita alishonea maharusi wa watu, na kila mteja alimwimbia wimbo uleule: kitambaa nimeleta mwenyewe, sasa bei yote hiyo ya nini? Wimbo huo ulimchosha mpaka basi. Lakini zamu ya kumwoza binti yake wa pekee ilipofika, alipanda ngazi za studio ya mpiga picha akauimba yeye, tena kwa sauti ya juu kuliko wote.

Mpiga picha, kijana mpole mwenye miwani, alimweleza kwa utaratibu. Angefika saluni asubuhi bi harusi na mama yake wakivalishwa, aende kwenye ndoa, kisha ukumbini, halafu atengeneze albamu. Fundi alimkaba koo mpaka bei ikashuka, ila kwa sharti moja, kwamba ile asubuhi iondolewe.

"Watu wakivaa, nani ana haja ya kuwaona?" alisema.

Kijana alimwambia kwamba mama wa bi harusi hupatikana saa hizo tu, baadaye siku humezwa na wageni. Fundi alicheka. Maneno ya muuzaji aliyajua, maana na yeye aliishi kwa hayohayo. Akashuka ngazi moyo mweupe.

Jambo moja alilificha, asije kijana akapandisha bei kwa kujua shida yake. Katika chumba cha nyuma, nyumbani kwake, alilala mama yake mzazi, ambaye kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja na hakuweza tena kutolewa nje. Harusi hiyo angeiona kwenye picha tu. Ombi lake lilikuwa dogo. "Niwaone wote wawili mlivyopendeza," alisema, "wewe na mjukuu wangu."

Siku ya harusi, mikono ya fundi haikukubali kwamba leo ni mikono ya mama wa bi harusi. Zipu ilipogoma, aliishughulikia yeye. Shela lilipokanyagwa, alipiga magoti na pini zake. Jamaa walipoitwa kupiga picha, alikuwa amejifungia chumba cha nyuma ya ukumbi akimshonea msimamizi wa bi harusi mkono wa gauni uliofumuka. Mpiga picha alimfuata mara mbili. "Pigeni tu, nakuja," alijibu, uzi mdomoni. Alipotoka, maharusi walikuwa wameshaketishwa mezani.

Wiki tatu zikapita. Kila asubuhi mama yake aliuliza kama picha zimekuja, na kila asubuhi sauti yake ilikuwa chini zaidi. Fundi akapanda tena zile ngazi, safari hii ulimi ameunoa, kwenda kuuliza kama picha siku hizi zinalimwa na kungojewa mvua. Alimkuta kijana ameinama mbele ya kompyuta, macho mekundu. Picha elfu mbili na mia tatu za binti yake zilikuwa zikipita mojamoja. Hii amefumba macho, itolewe. Hii ina kivuli usoni, irekebishwe. Na harusi nne nyingine zilikuwa kwenye foleni. Fundi alisimama akatazama, hasira ikamwisha. Kazi ya namna hiyo aliijua. Ilikuwa kama bitana ndani ya gauni, haionekani na kila mtu anaitaka bure. Aliona haya, na hapo ndipo alipomweleza kijana habari za mama yake.

"Mama, ungeniambia siku ile," kijana alisema polepole. "Asubuhi ile ningekuja bila kuitaja kwenye bei."

Aliitanguliza kazi hiyo mbele ya zote, na baada ya siku mbili albamu ikawa tayari.

Kule chumba cha nyuma, mama yake fundi aliinuliwa akaegemezwa kwenye mito. Alifunua kurasa kwa mkono wake mzima, akamsifu mjukuu, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza, "Huyu nimemwona. Wewe uko wapi?"

Fundi alitafuta ukurasa kwa ukurasa. Alipata mgongo wake ulioinama, na mahali pengine vidole vyake vimeshika shela. Uso haukuwamo hata mara moja. Alitaka kumlaumu mpiga picha, akakosa pa kuanzia.

"Ile saa ya kunipiga picha mimi niliikata, mama," alisema. "Niliona ni ghali."

Mama hakumkemea. Alimuuliza tu alivaa nini siku hiyo. Fundi akalitoa kabatini gauni la buluu alilojishonea, akalivaa palepale, akasimama miguuni pa kitanda mikono ikining'inia, asijue pa kuiweka.

"Geuka," mama alisema, na yeye akageuka taratibu, kama alivyowageuza wanawake wa watu miaka yote hiyo.

"Ungependeza sana pichani, mwanangu."

Fundi aligeuka tena, akabaki ameelekea dirishani, ili mama asimwone uso.